Wahariri wa vitabu vya watoto, acheni kuzigeuza hadithi zetu kuwa Kiingereza cha kuombea maji

Ndugu wanajamvi,

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Wiki iliyopita nililetewa nakala za kitabu cha hadithi nilizozitafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, kwa ajili ya watoto wa darasa la tatu na la nne wanaosoma katika shule za mchepuo wa Kiingereza. Jina langu limechapwa kwenye ukurasa wa ndani, chini ya jina la mwandishi, lakini kazi iliyomo si yangu. Hadithi ya kwanza, ambayo mimi niliianza kwa "Long, long ago", sasa inaanza kwa "In the old times of the past", na mistari michache mbele yake, pale nilipoandika "Juma was hungry", pamechapwa "Juma heard hunger".

Nilimpigia simu mhariri aliyesimamia kitabu hicho. Alinijibu kwa utulivu kwamba tafsiri yangu ilikuwa ya Kizungu mno, kwamba wanunuzi wa nje wanapenda vitabu vyenye ladha ya Kiafrika, na kwamba yeye alirudisha tu kile ambacho Kiswahili chenyewe kinasema.

Kiswahili hakisemi hivyo. Mswahili anaposema anasikia njaa, anasikia baridi, au anasikia harufu ya maandazi yanayokaangwa kwa jirani, sikio halimo kabisa katika maneno yake. Kitenzi hicho kwetu kinabeba hisia za mwili mzima, na mtoto aliyezaliwa ndani ya lugha hupita juu ya sentensi hiyo bila kujikwaa. Ikiwa yeye hajikwai, kwa nini tumtegee kisiki mtoto anayeisoma hadithi hiyohiyo kwa Kiingereza? Msomaji wa Kiswahili alikutana na mtoto mwenye njaa. Msomaji wa Kiingereza ana haki ya kukutana na mtoto yuleyule, mwenye njaa ileile, kwa maneno ambayo watoto wanaozungumza lugha hiyo huyatumia wanapoumwa na njaa.

Katika hadithi ya tatu, bibi na mjukuu wake wanafika sokoni kuuza vitumbua saa mbili asubuhi. Kitabu kilichochapwa kinasema "two o'clock in the morning". Hapa hata hoja ya ladha haipo, maana hilo ni kosa tupu: sisi tunaanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, Kiingereza kinaanza usiku wa manane, na tofauti ni saa sita. Mimi niliandika "eight o'clock". Mtu aliketi, akaifuta nane yangu, akaweka mbili, na leo kuna watoto wanaosoma kwamba bibi huyu alimtoa mjukuu kitandani usiku ili akauze vitumbua gizani.

Tazameni pia masimulizi yenyewe yanavyokwenda. Mtambaji wa Kiswahili husema "akaondoka, akafika, akabisha hodi, akaingia", na ile "ka" ni silabi moja tu iliyojificha ndani ya kitenzi, inayoisukuma hadithi mbele kama mtu anayeteremka kilima. Niliandika "Off he went to the hut, knocked, and slipped inside", kwa sababu Kiingereza hupata mbio zake kwa kudondosha kiwakilishi, si kwa kukirudia. Kilichochapwa ni "And he went, and he arrived, and he knocked, and he entered", na ukikisoma kwa sauti utamsikia mtu anayechechemea. Nilipokuwa nikitafsiri niliwasomea watoto wa jirani kila ukurasa kwa sauti jioni. Palipowachosha nilirudi mezani nikapaandika upya. Sungura anapomsukuma Fisi mtoni na Fisi akatumbukia chubwi, watoto wale walicheka niliposoma "Splash! In went Hyena". Sasa wanasomewa "Hyena fell in the water with the sound of chubwi", yaani mlio umegeuzwa kuwa maelezo ya mlio.

Nisieleweke kwamba natetea kuufuta Uswahili ili kumfurahisha msomaji wa mbali. Niliwahi kufanya kazi na watu waliotaka ugali uwe uji na Mwanaidi awe Mary, nikakataa, na ningekataa tena leo. Maandazi niliyaacha yawe maandazi, kanga niliiacha iwe kanga, na bibi aliendelea kuitwa Bibi. Shikamoo niliiacha kama ilivyo, kisha nikaongeza maneno mawili matatu kuonyesha kwamba mjukuu anasalimu kwa adabu, na bibi anaitikia marahaba. Mhariri akaiondoa, akaweka "I hold your feet". Wengi huieleza asili ya salamu hiyo kuwa ni kushika miguu, lakini ni mtoto gani wa Tanga au wa Mwanza anayewaza miguu anapomwamkia bibi yake? Anawaza heshima, na heshima ndiyo iliyofutwa.

Pako mahali ambapo ningekubali kubishana. Mjukuu anajikwaa, na bibi anamwambia "Pole". Mtoto wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam akisoma "Sorry" ataelewa mara moja kwamba anafarijiwa, kwa maana Kiingereza cha Afrika Mashariki kimelipa neno hilo kazi hiyo, na hicho ni Kiingereza hai chenye wenyewe. Mtoto wa Uingereza anaweza kudhani bibi ndiye aliyemwangusha. Kwa kuwa kitabu kilikusudiwa pia kuuzwa nje, nilichagua "Oh dear, are you hurt?", lakini mhariri angeniambia anataka "Sorry" kwa ajili ya wasomaji wa hapa, ningempa mkono. Huo ni uchaguzi kati ya Kiingereza kimoja na kingine. "Heard hunger" haisemwi Nairobi, Kampala wala London.

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alichapisha London hadithi alizozikusanya Unguja, akaweka Kiswahili na Kiingereza kurasa zinazotazamana, na mpangilio wa namna hiyo unamfaa mtu mzima anayejifunza Kiswahili na anayetaka kufuatilia neno kwa neno. Mtoto wa miaka tisa hana ukurasa wa pili wa kulinganisha. Anachopewa ndicho atakachokichukua, na wazazi wengi wanamnunulia vitabu hivyo ili ajifunze Kiingereza kizuri.

Kilichoniumiza kuliko vyote ni hiki. Mwanzoni mwa kitabu niliiacha "Paukwa! Pakawa!" bila kuigusa, kwa sababu haina mwenzake katika Kiingereza na kwa sababu mtoto yeyote duniani anaweza kufundishwa kuitikia. Imeondolewa yote. Niliambiwa haina maana. Mtu aliyedai kuilinda ladha yetu ameifuta sauti iliyokuwa yetu kwa herufi zake, akatuachia sarufi iliyovunjika kama ukumbusho wa sisi ni akina nani.

Sikuonyeshwa prufu, yaani nakala ya kusahihishia, hata moja kabla ya kuchapwa. Watafsiri wenzangu, nawasihi msisaini mkataba usiosema wazi kwamba mtaiona nakala ya mwisho na kwamba halitabadilishwa neno bila ninyi kujua. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaihesabu tafsiri kuwa kazi yenye ulinzi wake, na unampa mwenye kazi haki ya kupinga isipotoshwe kwa namna inayomvunjia heshima. Jana nimepeleka barua nikidai jina langu liondolewe kwenye nakala zote ambazo bado hazijauzwa, au maneno yangu yarudishwe katika toleo litakalofuata. Wakichagua kuyarudisha, waanze na Paukwa.