Nani ahesabiwe mwanasayansi anapopinga makubaliano ya wataalamu?

Mdadisi
Naandaa mada ya tabianchi. Nimeletewa Ombi la Oregon: Wamarekani zaidi ya 31,000, wote wakiitwa wanasayansi, wanakana kwamba hewa ukaa ya binadamu italeta joto la maafa. Idadi hiyo ina uzito gani? Nikiikataa, nitumie kipimo gani kisichomtupa nje hata mpinzani mwenye hoja?

Pipeti
Soma kwanza sharti la kutia sahihi: digrii ya kwanza ya sayansi, uhandisi au tiba inatosha. Kati ya sahihi 31,487, wenye uzamivu ni 9,029, na waandaaji wenyewe wanaorodhesha 39 tu chini ya klimatolojia, yaani sayansi ya tabianchi. Halafu Marekani ina mamilioni ya watu wenye digrii za namna hiyo. Namba isiyosema imetoka katika wangapi haipimi chochote.

Tabaka
Sawa, ila tusiishie kwenye vyeti. Wegener alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa, si mjiolojia, alipotoa hoja mwaka 1912 kwamba mabara yanahama. Alileta visukuku na miamba inayolingana pande mbili za Atlantiki, vitu ambavyo mtu yeyote angeweza kuvikagua. Alikwama kwa sababu nguvu alizodai zinasukuma mabara zilikuwa ndogo mno. Ushahidi wa sumaku kwenye sakafu ya bahari, ulioonyesha kwamba mabara kweli yanahama, ulikuja miaka ya 1960. Huyo ni mwanasayansi hata alipokuwa peke yake. Kinyume chake, Kary Mullis alipata Nobel mwaka 1993 kwa kubuni PCR, mbinu ya kunakili DNA, lakini alitilia shaka kwamba VVU husababisha UKIMWI. Tuzo ya kazi moja haithibitishi dai la kazi nyingine! Hapo watu wengi hupotoshwa, na madhara yake ni makubwa.

Pipeti
Kwa darasa lako, chagua majina 30 ya ombi hilo kwa bahati nasibu, uyatafute Google Scholar, mtambo wa kutafuta makala za kitaaluma. Hesabu makala za utafiti wa tabianchi zenye data; maoni ya magazetini usiyahesabu. Tatizo litakuwa majina yanayofanana, maana orodha haionyeshi taasisi. Usiyempata kwa uhakika mwandike "hajulikani", usimpe sifuri, la sivyo utapendelea upande wako. Kagua pia kama makala imebatilishwa: ile ya daktari Wakefield ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji ilifutwa na jarida lake mwaka 2010, na bado inasambazwa.