Mrejesho: Kokoto za njia ya gari nyumbani

Ndugu zangu, niliuliza ni kokoto kiasi gani, na za aina gani, zitatosha njia ya gari kutoka getini hadi barazani, yenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 3. Kazi imekamilika.

Hesabu mliyonielekeza imekubali: 15 × 3 × 0.10 (unene wa tabaka la kokoto kwa mita) ni mita 4.5 za ujazo, na tulipoongeza asilimia 10 kwa ajili ya kushindiliwa na kupotea tukafika karibu mita 5. Kwa kuwa muuzaji alitaja “tripu” tu, nilipanda kwenye lori na futi kamba kabla halijamwaga: bodi ilikuwa mita 3.5 kwa 2.1, na mzigo uliosawazishwa ulifika kimo cha mita 0.7, yaani zaidi kidogo ya mita 5 za ujazo. Dereva hakufurahi, lakini alisubiri.

Nilichagua kokoto za Lugoba za robo tatu inchi, ambazo ni za mwamba mgumu, badala ya zile za Kunduchi, ambazo ni za chokaa na husagika upesi zaidi chini ya magurudumu. Chini yake tulishindilia moramu yenye unyevu, na kingo tukazizuia kwa matofali ili kokoto zisihamie kwenye nyasi. Mawe ya mviringo, aliyoyapenda mke wangu, yamebaki bustanini, kwani hayana pembe za kushikana, na tairi huyasukuma pembeni.

Mvua kubwa imeshanyesha na maji yakazama vizuri, isipokuwa karibu na geti, ambako fundi atarekebisha mteremko.