Viwanda vinne vya korosho, oda moja ya kontena: kazi tuigawe vipi?

Kitangari_88
Wakuu, salaam. Nimepewa kuratibu viwanda vinne vidogo vya kubangua: Newala, Masasi, Ruangwa na Mtwara mjini. Kila kimoja kina mwenyewe na wateja wake. Mnunuzi wa nje anataka kontena la futi 20, maboksi 700 ya ratili 50, zote W320 (daraja la saizi ya korosho nzima), ndani ya wiki kumi. Kwa makaratasi viwanda vyote kwa pamoja vinabangua tani 5 za ghafi (korosho zenye maganda) kwa siku, wamenyaji wa mkono, wanaotoa ngozi ya ndani baada ya kukausha, wapo 70. Wazo lililopo mezani ni kugawa maboksi kwa ukubwa wa mashine, halafu kila mtu aripoti kwenye kundi la WhatsApp. Litasimama hilo? Na wenye viwanda wanaogopa kuanikana siri zao.

Chikongola
Halisimami, mkuu. Anza na boksi urudi nyuma hadi kwenye gunia. Maboksi 700 ni ratili 35,000, yaani kilo 15,876. W320 ni korosho nzima zinazoingia 300 hadi 320 kwenye ratili moja, na hakuna kiwanda kinachoweza kuamua zitoke zote saizi hiyo. Saizi imeshaamuliwa shambani. Chukua mfano W320 iwe asilimia 35 ya korosho karanga (kiini kilichotolewa ganda), na ghafi itoe karanga asilimia 22. Utahitaji kilo 45,360 za karanga, sawa na tani 206 za ghafi. Ukishatoa kontena la mnunuzi, umebaki na tani 29 na nusu za saizi nyingine kama W240 na W450, vipande na vilivyoungua. Nani anazinunua hizo? Mtaji wote umelala hapo.

Rudini kwa mnunuzi mkaombe kontena la mchanganyiko, daraja nne au tano. Mchanganyiko ukibeba asilimia 80 ya mnachozalisha, mnahitaji tani 90 tu za ghafi.

La pili, hizo tani 5 ni uwezo wa kubangua, siyo uwezo wa kutoa mali. Tani 5 zinaleta kilo 1,100 za karanga kwa siku. Wamenyaji 70, mpe kila mmoja kilo 10, ni kilo 700. Kilo 400 zitalala mlangoni mwa oveni kila jioni. Karanga iliyotoka kwenye oveni ikilala inavuta unyevu, ngozi inarudi kushika, inabidi ikaushwe tena, na hapo ndipo nyeupe inageuka ya kuungua. Basi bangueni tani 3.2 kwa siku, mashine zingine zipumzike. Mgao ufuate wamenyaji wa kila kiwanda, mashine msiziangalie kabisa.

Kwa W320 tupu mngehitaji siku 65 za kumenya, na wiki kumi za siku sita ni siku 60. Kwa mchanganyiko ni siku 28 au 29.

Nangurukuru
Ongezea kalenda. Masika watu wanaenda shamba, na mwezi wa Ramadhani saa za kazi zinapungua. Kilo 10 kwa mtu usizihesabu mwaka mzima. Halafu ghafi inunuliwe yote wakati wa minada, kuanzia Oktoba. Msimu ukipita utaanza kutafuta gunia kwa tochi. Ghalani ipangwe juu ya chaga, unyevu usizidi asilimia 10.

Binti_Ruangwa
Mimi naona rahisi zaidi: kila kiwanda kibangue na kukausha, kumenya kufanyike Mtwara mjini pekee. Msimamizi mmoja, kiwango kimoja.

Chikongola
Dada, usimamizi ungekuwa mzuri, ila mali ingeharibika njiani. Karanga ikitoka kwenye oveni ina unyevu wa kama asilimia 3, inavunjika kama biskuti. Ibebe kutoka Newala kwa lori, korosho nzima nyingi zitafika vipande, na bei ya kipande unaijua. Kuibeba kabla ya kukausha nako ni kuivundisha, maana mbichi inaota ukungu haraka. Kila kiwanda kimenye chenyewe, kirudishe unyevu ufike kama asilimia 4 na nusu, kipakie kwenye mifuko ya plastiki iliyofungwa vizuri ndani ya kreti ngumu. Kinachokusanywa sehemu moja ni uchambuzi wa mwisho wa madaraja, kipima chuma na kufunga. Mchambuzi akiwa mmoja, W320 ya Masasi na ya Ruangwa zitafanana. Wakiwa wanne, mnunuzi atazikuta tofauti ndani ya kontena moja.

Kitangari_88
Shukrani sana, kaka. Limebaki la siri, na la mtu kuahidi halafu asilete.

Mizani_ya_Kusini
Hapo kundi la WhatsApp halitoshi, ujumbe wa juzi unazama chini ya mpya. Tengeneza jedwali moja mtandaoni, kila kiwanda kione mstari wake tu, mratibu aone yote. Usiulize gharama wala majina ya wateja. Uliza vitu vitatu kwa wiki: kilo za kumenya ambazo bado hazijaahidiwa kwa mtu mwingine, kilo zilizomenywa wiki iliyopita, na ghafi iliyobaki ghalani kwa jumla ya magunia. Neno "hazijaahidiwa" lishikeni sana. Ukiuliza "uwezo wako ni nini", mtu anataja wamenyaji walewale aliokwishawapa mteja wake wa Dar, na wewe unawahesabu mara ya pili.

Muda wa kujaza uwe Alhamisi saa sita mchana, mgao utoke Ijumaa. Wiki mbili zinazofuata zifungwe, mabadiliko yaingie kuanzia wiki ya tatu. Bila kufunga, kila simu ya asubuhi inavuruga ratiba na mtu wa oveni hajui awashe kwa ajili ya nani. Gawa asilimia 90 ya uwezo uliotajwa, asilimia 10 ibaki akiba kwa umeme kukatika na magari kukwama. Kiwanda kikishuka chini ya asilimia 85 ya mgao wake wiki mbili mfululizo, kilo za wiki ya tatu zihamie kwa aliyefikisha. Liandikwe kwenye mkataba kabla ghafi haijaingia, baada ya hapo mtaanza kuoneana haya.

Malipo yafuate matokeo ya uchambuzi, kwa daraja, siyo kilo zilizoshushwa getini. Ukilipa kwa kilo, kiwanda kitaharakisha na kuleta vipande.

Kila mfuko uwe na alama ya kiwanda, tarehe na namba ya mpiko wa oveni, na alama hiyo iende mpaka kwenye boksi. Mizigo ya viwanda viwili isichanganywe kabla kila mmoja haujapimwa unyevu, usizidi asilimia 5, na kuangaliwa wadudu. Mfuko mmoja wenye funza ukimwagwa juu ya meza ya pamoja, umepoteza kazi ya wote wanne na hujui wa kumdai.

Nangurukuru
Na kontena muombe mapema. Meli ya kontena ikikosekana bandari ya Mtwara, mzigo unakwenda Dar kwa barabara, kama kilomita 560, na hiyo nauli lazima iwe imeshaandikwa inabebwa na nani.