Mdogo wangu yuko mahabusu, anatokwa damu nyingi na anaona aibu kusema. Nianzie wapi?

Dada Mkubwa: Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa kike yuko mahabusu, kesi bado inatajwa. Kabla hajakamatwa alikuwa anahudhuria kliniki kwa ajili ya uvimbe kwenye kizazi. Sasa hedhi inapita wiki nzima, nzito, yenye mabonge. Juzi nilipomtembelea midomo ilikuwa imepauka na akisimama anashika ukuta. Pedi wanazogawiwa hazitoshi, anachana nguo. Mhudumu wa zahanati ni mwanaume na askari anasimama pale pale anasikia kila kitu, kwa hiyo akiulizwa anasema "tumbo tu", anapewa vidonge vya maumivu, basi. Dawa zake nimezipeleka zikakataliwa getini. Kesi yenyewe naomba tusiijadili.

Nesi Mstaafu: Pole sana mwanangu. Nimefanya kazi zahanati ya gereza. Dawa za mkononi hata mimi ningezikataa, maana getini hakuna anayejua ndani ya kopo kuna nini. Kinachopita ni karatasi: majibu ya utrasaundi, cheti cha kliniki, majina ya dawa na dozi zake, vyote vikiambatana na barua kwa mganga wa gereza.

Halafu mfundishe kusema. "Tumbo tu" haimshtui mtu yeyote. Aseme pedi inalowa baada ya muda gani, damu imetoka siku ngapi, mabonge ukubwa gani. Aombe kupimwa wingi wa damu, na kipimo cha mimba pia asikikatae, kwa sababu damu ya namna hiyo ina sababu nyingi. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini (ndicho kipimo cha wingi wa damu) chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Chini ya 8 ni upungufu mkali. Na kama analowesha pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, anazimia, au anahema akiwa amekaa, hapo hakuna kusubiri zamu ya zahanati. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

Chuma cha Pua: Jela siyo hoteli. Angefikiria hayo mapema.

Wakili wa Kijiweni: @Chuma cha Pua, mahabusu hajahukumiwa. Na hata angekuwa amehukumiwa, adhabu ni kufungwa, siyo kuishiwa damu.

Dada Mkubwa, kuna seti mbili za kanuni za Umoja wa Mataifa uzitaje kwenye barua. Kanuni za Bangkok za 2010 zinahusu wanawake walio kizuizini: ya 5 inataka pedi zitolewe bure na maji yawepo; ya 10 inamruhusu kuomba daktari au muuguzi wa kike, naye apatiwe kadiri inavyowezekana isipokuwa kwenye dharura; ya 11 inasema anapopimwa wawepo wahudumu wa afya tu, labda daktari aone kuna sababu ya pekee. Kwa hiyo yule askari wa mlangoni ana swali la kujibu. Kanuni za Nelson Mandela za 2015, ya 118, zinampa mahabusu nafasi ya kutibiwa na daktari wake mwenyewe kama kuna sababu ya msingi na anaweza kumlipa.

Lakini usiende nazo kama rungu. Zenyewe hazimfungi hakimu, zinatiwa nguvu na sheria ya magereza ya nchi yenu, kwa hiyo wakili aanzie huko. Siku ya kutajwa kesi aiombe mahakama iamuru apelekwe hospitali, na kama dhamana inaruhusiwa, ugonjwa uwe sehemu ya hoja.

Nilitoka Salama: Mimi nimekaa ndani, niwaambie kitu ambacho hakimo kwenye kanuni. Pedi kule ni mali, zinabadilishwa kwa sabuni, zinalipia deni. Ukipeleka za mtu mmoja, kuna wenzake wasiotembelewa na mtu, atagawa tu. Uliza utaratibu wa kupeleka nyingi. Pia kaanze kwa ofisa ustawi au askari wa kike anayesikilizika kabla ya barua kufika juu. Ukiruka ngazi, ukishaondoka anayenuniwa ni yeye.

Na aibu usiichukulie kirahisi. Ukilalamika mara mbili unaitwa mwigizaji, ya tatu unanyamaza mwenyewe.

Wakili wa Kijiweni: Nakubali kuhusu ngazi, ila asipewe wiki tatu za kuzunguka ofisi. Kulipiziwa kwa sababu ya malalamiko nako kumekatazwa, kanuni ya 57 ya Mandela.

Dada Mkubwa: Asanteni mno. Kliniki wamegoma kunipa faili, wanasema mpaka mgonjwa mwenyewe.

Wakili wa Kijiweni: Wako sahihi. Wakili aingie na fomu ya ridhaa, mdogo wako asaini, wewe uchukue faili kwa fomu hiyo.

Nesi Mstaafu: Toa nakala mbili. Moja ibaki kwa wakili, na anayepokea ile ya gerezani asaini na kuandika tarehe.