Blanketi nililomfumia mtoto wa shoga yangu nimelikuta limevalishwa kiti cha bodaboda!

Wakuu heshima kwenu. Leo mnisamehe, sitaandika kwa mpangilio maana nimevimba. Na mods, yaani wasimamizi wa jukwaa, tafadhali msiuhamishie uzi huu jukwaa la mapenzi, hakuna mapenzi yoyote hapa.

Hivi kwa nini mtu akipewa kitu kilichofumwa kwa mkono anakihesabu cha bure? Ukimletea cha dukani chenye lebo anakikunja vizuri, anakitia kabatini, hata mtoto mwenyewe hakigusi mpaka sikukuu. Ukimletea ulichokaa nacho mapajani usiku kucha, anakigeuza geuza, "jamani una kipaji", halafu basi.

Shoga yangu huyu tumetoka naye mbali, tangu sekondari huku huku Kigoma. Mumewe alihamishiwa Kasulu kikazi, akaenda naye akiwa mjamzito. Kwa wasiokujua huku: mjini tuko kando ya ziwa, joto, kichanga ukimfunika blanketi zito unamtesa bure. Kasulu ni habari nyingine. Kuko juu, na kipupwe cha mwezi wa sita na wa saba asubuhi watu wanatembea na makoti. Nikasema mwenzangu anazalia kwenye baridi, ngoja nimfumie blanketi la maana.

Ningeweza kumpelekea kitenge cha Kongo kama wenzangu wote, sabuni na sukari juu, nikala wali wangu nikaondoka. Leo angekuwa anakivaa kwenye maharusi na ananisifia.

Sasa naomba niwaeleze kufuma maana wengi mnadhani ni kuchezesha mikono huku unaangalia tamthilia. Blanketi la kichanga la sentimita 90, sindano mbili za milimita 4, uzi wa unene wa kawaida. Hapo kila sentimita 10 za upana zinakula mishono kama 20, kwa hiyo mstari mmoja ni mishono 180. Kwenda juu unapiga mistari 250 hivi. Zidisheni wenyewe. Ni mishono 45,000, wakuu, na kila mmoja umepita kwenye vidole hivi. Mkinilipa shilingi moja moja kwa mshono ni elfu 45, na hapo hatujagusa nyuzi, ambazo rangi niliyoitaka mjini hapa sikuipata, nikaagiza Kariakoo, nikalipia na kusafirisha mpaka huku mwisho wa reli.

Na ukikosea mstari wa 90 ukagundua uko mstari wa 120, hakuna kufuta. Unafumua mpaka ulipokosea, unaanza upya. Umeme ukikatika unawasha tochi ya simu, unaibana shingoni.

Halafu sikufuma kiholela. Nilichagua akriliki nikaacha sufu kwa sababu sufu ukiiloweka kwenye maji ya moto na kuisugua inasinyaa na kushikana, na mama mwenye kichanga hana muda wa kufua kwa kubembeleza. Nikachagua mfumo uliobana, usio na matundu, ili vidole vya mtoto visinase. Katikati laini, pembeni kote nikazungushia ukingo wa vinundu, maana upande laini ukiuacha hivyo hivyo kingo zinajikunja. Kwenye kona nikamwekea mgebuka wa bluu, yule samaki wa ziwani kwetu, mtoto akue akijua kwao ni ziwani hata kama anakulia Kasulu. Nilimpelekea mwenyewe, akalia machozi, akapiga picha, akaweka status. Mpaka hapo safi.

Juzi niko Mwanga sokoni, hapa hapa Kigoma mjini, jua la saa nane, nachukua boda kwenda Katubuka. Nakaa, nasikia vinundu mapajani. Nikasema labda wenge langu. Tumefika nashuka namlipa dogo, nageuka kukiangalia kile kiti. Mgebuka wangu huyu hapa.

Jamani. Wamelipitishia lastiki chini, wakalivuta mpaka vinundu vyote vimenyooka. Kona iliyokuwa inaning'inia upande wa ekzosi imeyeyuka. Akriliki ni plastiki, ikikutana na moto inaganda, inakuwa nyeusi ngumu kama kitako cha ndoo iliyotuliwa jikoni. Mkia wa samaki haupo. Pembeni yake mshono umekatika, na mshono mmoja wa sindano mbili ukikatika hauvumilii, unaachia wa chini yake, na huyo wa chini yake, mpaka panakuwa na ngazi. Kwenye hiyo ngazi sponji la kiti linachungulia na limekunywa mafuta ya pikipiki.

Nikamuuliza dogo hiki umekitoa wapi. Akajibu kwa furaha kabisa: "Alinipa shemeji Kasulu dada, kizuri hicho, jua likiwaka kiti hakichomi." Kumbe dogo ni mdogo wa mume wa shoga yangu. Yeye simlaumu, ameomba kitu akapewa, atajuaje.

Nikamtafuta shoga kwa simu hapo hapo barabarani. Hakupokea. Baadaye akanitumia voisi noti, na hiyo voisi noti ndiyo imenifanya nifungue uzi huu: "Shoga nawe kwa kukuza mambo! Si unafuma mwenyewe? Utafuma lingine. Kwani umenunua?"

Kwani nimenunua!

Nikamuuliza, na lile blanketi la manyoya aliloletewa na wifi yake kutoka Dar, lile la dubu, mbona hakumpa shemeji avalishe pikipiki? Akasema lile limo kwenye mfuko wake wa zipu, wanalitunza, ni la gharama. Mtoto karibu anatembea, blanketi bado liko kwenye zipu! Halafu langu, lililokuwa linamfunika kila siku, ndilo la kugawa.

Najua mnaokuja na "zawadi ikishatoka mkononi imetoka". Sawa, nakubali. Angempa mtoto wa jirani ningeshukuru. Angelitumia mpaka likachakaa, likatoboka, likatapikiwa, ningefurahi zaidi, kwa sababu nililifuma litapikiwe. Hata angeniambia "mwenzangu huku hata hakuna baridi kama ulivyodhani, chukua", ningelichukua, nina wateja wangu. Kinachoniuma ni hesabu yake kwamba mikono yangu haina bei. Na hayuko peke yake. Nyie wenyewe mnakuja kila siku: "nifumie kasweta ka mtoto, si uzi tu huo". Fundi cherehani mnamlipa, wa kusuka nywele mnamlipa na soda mnamnunulia. Anayefuma mnamuomba kama mnaomba chumvi.

NAONGEZA: Kuna mwanaume hapo chini ameuliza kama linafumuliwa uzi utumike tena. Mkuu, lingekuwa zima, ndiyo, unafumua kuanzia mwisho, unafua uzi, unautundika unyooke. Hili limekatika katikati na kuyeyuka, utapata vipande vipande. Na dada aliyesema nina wivu wa blanketi la dubu, pita hivi.

NAONGEZA TENA: Hamtaamini. Asubuhi hii huyo huyo shoga kanitumia meseji. Wifi yake mdogo kajifungua, anaomba nimfumie seti ya kofia na soksi, "rangi yoyote tu shoga, usijisumbue sana". Nimemwandikia bei, nikamwambia nusu itangulie ndipo nishike sindano. Kajibu kwa emoji za kucheka, anadhani namtania. Wafumaji mliomo humu, hasa wa Kigoma na Tabora, kofia na soksi za kichanga nyie mnachaji ngapi? Nataka nijue nisije nikawa nimempunguzia.