Naomba ushauri: gemu ya mapenzi inanimalizia ndoa huku Kirumba

Wakuu habari za saa hizi, niko Mwanza, mdogo wangu kaniwekea kwenye laptop gemu inaitwa Five Dates, ya 2020, sio katuni ni watu kabisa wamerekodiwa, jamaa wa London anaitwa Vinny yuko lokdauni anatafuta mchumba kwa video, we ndo unamchagulia cha kusema, ni vichekesho mwanzo mwisho. Sasa shida ya kwanza, majibu yanatoka na muda unakimbia balaa, kingereza changu cha kuungaunga, nikimaliza kusoma jibu la kwanza tayari limejichagua lenyewe na demu kanuna 😂 naishia kuachwa kila siku. Kuna setingi ya kusimamisha muda?

Ya pili ndo kubwa, wife karudi na dagaa zake kutoka Mwaloni akasikia sauti ya mwanamke anacheka, kachungulia kaona sura ya mtu kweli, nikasema ni gemu, akajibu "gemu inakukonyeza?" Siku ya tatu leo ugali naachiwa mezani umepoa. Nimwambie acheze na yeye au ndo nitaharibu zaidi? Walioko kwenye ndoa tu wajibu, mabachela pumzikeni.