Nauza magari ya rimoti niliyojenga mwenyewe, sijawahi kuyaendesha. Hilo nalo ni utapeli?

Wakuu, leo povu ruksa. Wiki tatu mfululizo nimesoma maneno ya watu kwenye grupu letu la magari ya rimoti, nikanyamaza. Juzi nimeitwa tapeli mbele ya watu zaidi ya mia mbili, sasa nimekuja huku kwenye watu wengi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, na mods nawaomba msiutupe jukwaa la vichekesho.

Kwa wageni wa mambo haya: yapo magari ya rimoti yanayouzwa kabla hayajawa magari. Unanunua boksi. Ndani kuna vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu zake, mifuko ya skrubu yenye herufi A, B, C, mota, tairi, bodi (lile ganda la nje la gari) inayoonyesha kama kioo, na kitabu cha michoro. Kazi iliyobaki ni yako. Sisi tunaita kiti, kutoka 'kit' ya Kiingereza, na mke wangu aliwahi kumwambia shangazi yake kwamba mumewe anaagiza viti Japani. Shangazi akauliza, kwani kwa maseremala wa Keko vimeisha?

Mimi najenga, nikimaliza nauza. Siendeshi. Kosa langu lote ndilo hilo.

Sababu ya kwanza ni hela. Sina uwezo wa kupanga maboksi kumi kabatini, nina hela ya boksi moja. Nikimaliza nalipiga bei, naagiza jingine. Gari likishagusa lami tumbo limekwaruzika, bei imekufa, na boksi linalofuata ndiyo basi tena. Sababu ya pili hamtaki kuisikia: kuendesha hakuninogei. Nimejaribu, jamani. Robo saa betri imekata, umezunguka uwanja wa shule mpaka kichwa kinauma, halafu unarudi nyumbani kufuta vumbi saa nzima kwa mswaki. Mimi raha yangu iko saa nne usiku, watoto wamelala, nimefungua mfuko B na feni nimeizima maana inanipeperushia karatasi za stika. Jasho linatiririka. Kile kipete cha chuma chenye umbo la E kikiruka napiga magoti na sumaku, natafuta chini ya kochi. Hapo ndipo nilipo mimi. Wengine wanaangalia mpira.

Sasa kila nikiweka picha anatokea mtu: "Gari ni la kuendeshwa, mkuu, wewe unalipamba tu." Mwingine: "Umekosa maisha." Mwingine, huyu ana tairi za gari la mtoto wake kwenye picha ya wasifu, anasema najenga kwa sababu naogopa kuendesha. Naogopa nini? Kugongwa na gari la kilo moja na nusu?

Nirudi Keko hiyo hiyo. Fundi akikuuzia kitanda cha mninga, unamuuliza amekilalia siku ngapi? Si ungekikataa akikwambia amekilalia! Mbona kwangu mimi kutokilalia kumekuwa dosari?

Na wanaosema magari haya hayakuzaliwa kukaa kabatini wakasome kidogo. Gari la kwanza la rimoti la Tamiya, wale Wajapani wa Shizuoka ambao nusu ya grupu wanawaabudu, lilikuwa Porsche 934 ya mwaka 1976. Lilitokana na modeli ya kupamba, ile unayounganisha kwa gundi ukaiweka juu ya meza. Babu wa magari yote mnayoyarusha huko alikuwa wa kabatini. Nililiandika hili kwenye grupu nikajibiwa kwa katuni ya nyani anacheka.

Hayo ni maneno tu, ningeyameza. Kinachonichoma ni bei.

Mwezi wa tatu niliagiza TT-02, ile chesisi ya Tamiya iliyotoka 2013, magurudumu manne yote yanavuta, bodi ya Subaru. Mpaka linafika mkononi, na usafiri na ushuru, 470,000. Mota na kidhibiti mwendo vilikuwemo. Redio (yaani rimoti na kipokezi chake), sevo (kimota kinachogeuza usukani) na beringi, 140,000. Rangi za kupuliza, tepu na msasa, 45,000. Jumlisheni wenyewe: 655,000, na betri na chaja havimo. Nikaliweka sokoni kwa 700,000. Elfu arobaini na tano kwa usiku kumi na mmoja wa kazi. Muuza chipsi wa kona yetu nilipomwambia alinionea huruma, akaniongezea kachumbari.

Komenti ya kwanza: "Mtumba huo, 300."

Mtumba! Tairi zina mstari wa moldi katikati haujagusa chini, tumbo la chesisi unajiona sura, mtu ananiambia mtumba. Wiki hiyo hiyo mdau mwingine akaweka boksi lile lile, aina ile ile, halijafunguliwa, halina redio wala sevo, kwa 600,000. Halikulala. Kwa hiyo mimi nimeongeza redio, nimeongeza sevo, beringi, rangi, na usiku kumi na mmoja, thamani ikashuka nusu. Kazi ya mikono yangu mmeihesabu kama mkwaruzo. Ningeliacha ndani ya nailoni yake nikaenda kulala ningepata faida.

Hebu niwaambie usiku kumi na mmoja huwa unafanyika nini, maana wengi mnadhani ni kubandika stika. Kwenye boksi lile sehemu nyingi za kuzungukia zimewekewa bushi za plastiki. Ukijenga hivyo gari litatembea, ila bushi zinalika na tairi zinaanza kucheza. Kuzibadili baadaye ni kulifumua gari zima, kwa hiyo naweka beringi mapema, kabla difu haijafungwa. Difu yenyewe naipaka grisi gia moja moja. Skrubu ni za Kijapani, msalaba wake haufanani sawasawa na bisibisi ya nyota tunayonunua Kariakoo. Ukilazimisha, bisibisi inapanda juu na kula kichwa. Nina bisibisi yake maalumu, na bei yake hata sikuiweka kwenye hesabu ile. Halafu skrubu zenyewe zinajichimbia njia kwenye plastiki. Mara ya kwanza inakaza mpaka kiganja kinawaka moto, ukizidisha nusu mzunguko hesi zimekatika na tundu hilo halishiki tena maisha.

Bodi sasa. Ile ni polikaboneti, rangi inapakwa kwa ndani ili nje ikikwaruzwa rangi isiguswe. Unafanya kazi kinyumenyume: itakayoonekana mbele inatangulia, za giza kwanza, nyepesi zinafuata, mwisho unafungia kwa nyeupe au fedha. Madirisha umeyaziba kwa tepu. Kama rangi imepenya chini ya tepu hujui, mpaka siku unayobandua utando wa nje, na siku hiyo hakuna kurudi nyuma. Masika hii nilisubiri siku sita bodi ikiwa imening'inia bafuni, unyevu ukigoma kupungua, mama watoto ananiuliza Subaru itahama lini. Stika nazilaza kwa maji yenye tone la sabuni ili nizisogeze kabla hazijashika. Kukata matao ya tairi kwa mkasi wa kupinda peke yake ni usiku mzima, na mkasi ukiteleza mara moja umenunua bodi nyingine.

Halafu "300".

Kuna hoja moja nitaikubali, mimi si mbishi wa kubishana na ukuta. Kuna mdau aliandika kwa heshima tu: kama huendeshi, utajuaje halina kasoro? Swali zuri. Na ni kweli, gari langu la pili kabisa, miaka ile, niliuza usukani ukiwa umepinda. Nilifunga mkono wa sevo kabla ya kuwasha redio, sevo haikuwa katikati, gari likawa linaenda upande kama kaa. Yule mama aliyemnunulia mwanawe nilimfuata mpaka Mbagala na bisibisi mkononi, nikarekebisha sebuleni kwake, nikapewa na juisi. Tangu siku hiyo nawasha redio kwanza, trimu (kile cha kunyooshea usukani kwenye rimoti) kwenye sifuri, sevo ikitulia katikati ndiyo mkono unafungwa. Na kila gari kabla halijatoka nalipandisha juu ya kopo la maziwa, tairi zote hewani, nakanyaga mbele, nyuma, kushoto, kulia. Nasikiliza gia. Zikilia kama cherehani kavu nafungua tena. Mnunuzi akija narudia mbele yake. Kuna wanaosema mota ikishazunguka hata sekunde kumi gari si jipya tena. Hao siwajibu.

Sasa huyu ndugu aliyeniita tapeli. Simtaji, yumo humu, anajijua.

Alikuja Jumamosi na kijana wake, akalikagua nusu saa, akalalamika bei, akalalamika joto. Nilikuwa nimechoka kuliangalia lile tangazo. Nikamwachia kwa 620,000, yaani hasara ya elfu thelathini na tano, nikasema potelea mbali, boksi jingine linanisubiri. Tukalijaribu juu ya kopo, likanguruma vizuri. Nikamwambia mbele ya mwanawe: bosi, hili ni gari la barabarani. Lami safi au sakafu. Betri ya volti 7.2. Na ukitaka kubadili chochote kwenye mota nipigie kwanza. Akasema sawa, fundi.

Jumanne simu. "Kaka, gari lako bovu. Umeniuzia kitu ambacho hata wewe hujakijaribu."

Nikamwambia alilete. Akalileta kwenye kiroba. Wakuu, kwenye kiroba! Nikaligeuza juu ya meza, ukamwagika mchanga wa kutosha kupandia mchicha. Mchanga mweupe. Na skrubu za tumboni zimeanza kutu ya njano, siku tatu tu, nikanusa, nikamuuliza, kaka, hili gari limefika Koko Bichi? Akanyamaza kidogo. "Tulipita tu."

Tumbo la gari lile liko milimita chache kutoka chini. Ni la lami! Kama ulitaka la mchangani ungesema, yapo, Tamiya walitoa Sand Scorcher tangu 1979 na vifaa vyake vya umeme wakavifungia kwenye boksi lisiloingiza maji, wakalitoa upya 2010. Ningekuagizia, ningekujengea, tungeelewana.

Ngoja, sijamaliza. Nafungua, nakuta mota si yangu. Ametoa ile ya brashi iliyokuja na boksi, ameweka isiyo na brashi, yenye nguvu zaidi, na betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli tatu, volti 11.1 badala ya 7.2. Kifuniko cha gia alikifungua kuweka hiyo mota yake, na hakukirudisha. Alikuwa nacho mfukoni! Amekitoa mfukoni kuniuliza hiki ni cha nini. Gia kubwa ya plastiki imebaki kibogoyo, upande mmoja laini kabisa. Mkono wa chini wa mbele kulia umekatika, na kwenye bampa kuna rangi nyeupe ya ukingo wa barabara. Rangi yangu ya ndani ndiyo iliyopona, haina hata doa.

Nikamwambia taratibu, nunua vipande, havifiki elfu hamsini, kazi nitakufanyia bure. Hataki. Anataka 620,000 yake yote. Na mota yake anairudisha nayo nyumbani. Ile yangu ya awali iko wapi? Kijana ameichukua shule kwenye somo la sayansi.

Jioni nakuta ameandika kwenye grupu: "Mjihadhari na huyu, anauza magari ambayo hata yeye hajui kama yanatembea." Dole gumba kibao. Wale wale wa mtumba 300 wamo mstari wa mbele. Hakuna hata mmoja aliyeuliza gari limepata nini, wala aliyeomba picha. Ningekuwa nimeliendesha miezi sita nikaliuza limechakaa, mngeniita mdau mzoefu.

Hela sirudishi. Gari lake bado liko mezani kwangu, nimelipiga mswaki, nimelipangusa chumvi, skrubu nimezipaka mafuta maana sina roho ya kuliangalia likiliwa na kutu. Gia na mkono nimeshajua pa kuvipata. Akija na hela ya vipande na kifuniko kilichokuwa mfukoni, nalifunga siku hiyo hiyo. Asipokuja likae hapo, ila simu za usiku aache, nina watoto.

Na kwa kuwa mmeshafika mpaka huku chini: kuna Lunch Box imekamilika jana, ile van ya njano yenye matairi makubwa ambayo toleo lake la kwanza ni la 1987. Beringi zote, sevo mpya, redio ipo, betri ujitegemee. Haijagusa chini. 590,000 na haipungui, anayetaka kuiona niko Sinza, aje baada ya saa kumi na mbili jioni, kopo la maziwa lipo. Naambiwa ukikanyaga mafuta ghafla inanyanyua mguu wa mbele kama pikipiki. Spidi yake msiniulize, siijui.